Goti la Pimamaji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi wa kuweka vigae sakafuni, na mtaa mzima unamwita Pimamaji. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu haendi popote bila kile kifaa chao chenye kitone cha hewa ndani ya kioo, kile unachokilaza juu ya kitu ukajua kama kiko sawa au kimeinama. Wenzake wanakitumia kazini tu. Yeye anakitumia kila mahali. Siku ya harusi yangu, watu wanapiga vigelegele, yeye alikuwa ameinamia meza ya keki na jicho moja amelifumba, halafu akaninong'oneza sikioni: "Shem, ikateni haraka, hii inaelekea kushoto." Nilicheka mpaka wanja ukanitiririka. Picha zote za siku ile nina uso wa bibi harusi aliyeozwa kwa nguvu.

Nampenda, niseme mapema. Ni mbishi, ana mdomo, na akianza kueleza tofauti ya saruji na gundi unatamani mvua inyeshe upate sababu ya kuondoka. Lakini nampenda. Alipokuja kwetu mara ya kwanza kumposa dada, alikaa ameinamisha kichwa muda wote, na mama akatuambia jikoni, "Kijana huyu ana adabu, hainui macho." Kumbe alikuwa anaikagua sakafu yetu. Dada alikuja kutuambia baadaye kwamba neno la kwanza alilomwambia walipobaki wawili lilikuwa, "Aliyewawekea sakafu hii alikuwa anakimbilia wapi?"

Kazi yake ni ya magotini. Mtu akisikia fundi wa vigae anafikiria mikono, ila ukimtazama utaona mikono inafanya nusu tu. Anapaka gundi kwa mwiko wenye meno, analaza kigae, anakigonga taratibu kwa nyundo ya mpira, anapima, anasogea nyuma kidogo kwa magoti, anaanza tena. Ndivyo alivyoishi tangu ujana wake. Ukimkuta amesimama wima katikati ya siku ya kazi, ujue amekasirika au chakula kimefika. Na vigae vikikauka hupita akivigonga kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, huku ametega sikio. Kilichoshika vizuri kinatoa sauti nzito. Chenye uwazi chini yake kinalia kitupu, na hicho hukibandua siku hiyohiyo, hata mwenye nyumba aseme haoni kasoro yoyote.

Ana desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyomponza. Akimaliza chumba, hatoki kama watu wengine. Anatoka kinyumenyume, ameinama, kitambaa mkononi, anafuta nyayo zake mwenyewe hatua kwa hatua mpaka mlangoni, ili mwenye nyumba aikute sakafu kama haijawahi kukanyagwa na kiumbe.

Siku hiyo alikuwa anamalizia ukumbi wa nyumba moja mpya, nyumba ya wenye nazo, ambayo sebule yake imeshushwa chini kwa ngazi chache. Ngazi hizo alizipima yeye. Vigae vyake aliviweka yeye. Basi akarudi kinyumenyume, anafuta, anapiga mluzi, na nina hakika alikuwa anajisifia moyoni, mguu ukatafuta sakafu ukakuta hewa. Alianguka akajigeuza, akatua kwa goti la kulia juu ya ukingo wa ngazi ya mwisho, na uzito wote wa mwili ukafuata. Vijana wake wa kazi wanasema kabla hata hajapiga ukelele alisema, "Angalieni kama ukingo umemeguka."

Ukingo ulikuwa mzima. Aliyevunjika ni yeye.

Tulimkuta hospitalini mimi na dada, amelazwa, mguu umefungwa kwenye kibao na umevimba. Dada yangu ni mwalimu na ni mtu wa maneno machache. Alimshika mkono, akakaa. Maneno nikayasema mimi kwa niaba ya ukoo mzima. Nilimwambia hakuna mtu mwenye akili timamu anayetembea kinyumenyume kuelekea ngazi alizozijenga mwenyewe. Akanijibu kwa sauti ya mgonjwa, "Shem, kwanza nipe maji, ndipo unitukane."

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alituonyesha picha za eksirei akazifuata kwa ncha ya kalamu. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika chini kabisa, karibu na goti. Kisha ufa ukashuka hadi ndani ya goti lenyewe, ukaugawa mwisho wa mfupa vipande viwili.

"Hatuwezi kufunga plasta tu?" dada aliuliza.

"Plasta ingetuliza mguu, mama, lakini isingevirudisha vipande hivi mahali pake. Na goti lingekaa humo ndani hadi likakauka. Tutafungua. Kwanza tunaulinganisha uso wa goti, halafu tunaushika mfupa wote kwa bamba la chuma ubavuni, na skrubu."

Hapo Pimamaji akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Daktari, huo uso wa goti ukipishana kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Unene wa kucha."

"Unene wa kucha ni mwingi mno. Goti lililopishana hivyo linasagika kila ukipiga hatua."

Alirudisha kichwa kwenye mto, ametosheka. "Huyu anafaa," akaniambia, kana kwamba yeye ndiye anayetoa kazi. Kisha akauliza lile ambalo sote tulikuwa tunaliogopa. "Nitapiga magoti tena?"

Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alivuta kiti akakaa. "Mfupa utaunga, hilo halinipi wasiwasi sana. Lakini goti lililovunjika ndani hupenda kukakamaa. Ukianza kulikunja mapema, kama utakavyoelekezwa, unaweza kupiga magoti tena. Ukiliacha likae, utatembea, lakini magoti hutapiga. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Pimamaji. Hakuwa ameelewa hata kidogo, ila hilo tulikuja kulijua baadaye.

Ilibidi wasubiri uvimbe upungue. Siku ya upasuaji walimchoma sindano ya mgongoni, akafa ganzi kiunoni kwenda chini, ila macho wazi, na mbele yake wakatundika pazia asione. Asione, sawa, lakini masikio walimwachia. Alisikia drili, akamuuliza daktari wa usingizi ni ya aina gani. Aliposikia nyundo akasema, "Taratibu hapo." Daktari wa usingizi akamwambia akiendelea hivyo ataongezewa dawa alale fofofo. Haya yote alitusimulia mwenyewe jioni, anajisikia vizuri kupita kiasi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamcheka mpaka sista akaja kuwanyamazisha.

Kesho yake asubuhi akaja kijana wa mazoezi ya viungo, mpole, mwenye tabasamu la kudanganyia watoto. Akamwelekeza: mguu huu usiukanyagie kabisa mpaka daktari aseme, ila goti ulikunje kila siku, mara nyingi, hata likiuma. Akamkunja kidogo hapohapo. Pimamaji akapiga yowe, akatoka jasho, akasifiwa. Baada ya siku kadhaa akarudi nyumbani na magongo aliyoazimwa na jirani.

Mimi nasukia nywele kwenye baraza la nyumba yao, kwa kuwa kwangu hakuna nafasi. Dirisha la chumba chao linatazamana na kiti changu. Basi kila siku, dada akiwa shuleni, wateja wangu walikuwa wanasikia mateso. "Aaah! Mama yangu! Uuuwi! Nakunja, nakunja!" Mteja mmoja alitokwa na machozi, na mimi nikawa namsifia shemeji yangu kwa kila anayekaa kwenye kiti. Niliwaambia huyo ni mwanamume wa shoka, anajikaza, hana mchezo. Nilijivunia kana kwamba goti ni langu.

Siku moja maji yakaniishia, nikazunguka nyuma kuchota jikoni. Mlango wa chumba ulikuwa nusu wazi. Nikachungulia.

Pimamaji alikuwa amelala chali, mguu umenyooka vizuri juu ya mito, haujakunjwa wala hauna dalili ya kukunjwa. Mkononi ameshika nyundo yake ya mpira kwa kichwa, na kwa ule mpini anagonga paja lake, polepole, tok, tok, ametega sikio. Anasogeza kidogo, tok, tok. Katikati anakumbuka, anautazama upande wa dirisha, anapaza sauti: "Aaah! Nakufa miye!" Kisha kimya, tok, tok.

Nikamwacha amalize kufa. Nikaingia.

"Shemeji."

Nyundo ikamponyoka.

"Unafanya nini?"

"Mazoezi."

"Mazoezi ya nani? Ya nyundo?"

Akaanza kubisha, kama kawaida yake. Akasema mimi si fundi, sielewi. Akasema kitu kilichowekwa juzi hakitikiswi. Yeye mwenyewe huwafungia wenye nyumba mlango wasije wakakanyaga kazi mbichi, wengine matajiri wenye hasira, na anawafungia vilevile, sasa iweje akabidhiwe kazi nzuri namna ile ya daktari, halafu aanze kuitingisha kabla haijashika? Mtoto yule wa mazoezi, alisema, hajui ufundi.

Nilikuwa nimeshapandisha mori. Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia amewaliza wateja wangu bure, amenifanya mwongo mtaani, na mkewe anamkandia mikate ya mgonjwa anayejitahidi. Nilikuwa bado naendelea alipoufunika uso kwa mkono.

"Ilinilia, Shem," akasema. "Siku ile aliponikunja. Ndani humo. Tek. Na nimejaribu hapa nyumbani, mara moja tu, ikalia tena. Tek. Kigae kinapolia hivyo kinakuwa kimeachia. Hiki kikiachia mimi nitafanya kazi gani? Sijui kazi ya kusimama. Sijui kazi ya kukaa."

Nilimwona anaogopa, mtu mzima yule, na hasira zangu zikaisha hapohapo. Nilikaa kitandani. Hata mimi sikujua ile tek ni ya nini. Aliniomba nisimwambie dada. Nikamwahidi, na jioni nikamwambia dada kabla hajavua viatu.

Dada hakumgombeza. Alimtolea shati safi, akamwambia kesho yake wanakwenda kwa daktari, hata kama siku yake haijafika. Nikafuatana nao, nani angenizuia.

Daktari alimlaza, akamshika kifundo, akajaribu kulikunja goti. Likaenda kidogo tu likagoma, gumu kama limepigiliwa. Akatazama picha mpya ya eksirei, akatazama goti, akatazama picha tena. Uso ukamkunjamana.

"Mfupa unaunga vizuri sana. Goti ndilo sielewi. Unafanya mazoezi?"

Dada akamtazama mumewe. Mimi nikatazama dari, nikiuma ulimi. Pimamaji akasema yote, kwa haya, maneno yakikwama njiani: kazi mbichi, nyundo, ile tek. "Nilikuwa naiheshimu kazi yako, Daktari."

Nilidhani daktari atamfukuza. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe, bwana! Unakumbuka siku ya upasuaji, ulipokuwa unamuuliza mwenzangu habari za drili?"

"Nakumbuka."

"Basi wakati ule, nyuma ya pazia, mimi nilikuwa nimeshakaza skrubu ya mwisho. Nikalikunja goti lako mpaka mwisho. Nikalinyoosha. Nikalikunja tena. Kila mgonjwa nafanya hivyo kabla sijashona, nione kama kazi imeshika. Kisigino kilikuwa karibu kugusa kalio. Hakikutikisika kitu."

Pimamaji akajiinua kwa viwiko. "Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na mimi nipo?"

"Upo, unapiga domo."

"Na ile tek?"

"Ukano, ule mshipa unaoshikilia msuli, unateleza juu ya bamba. Wengi wanausikia. Hauna madhara." Kisha akavaa miwani, na kicheko kikaisha. "Lakini muda umeupoteza, na ulikuwa muda mzuri. Nenda ukalikunje. Ukirudi likiwa hivihivi, itabidi nikulaze tena nilikunje mwenyewe ukiwa na ganzi, na hapo sikuahidi kitu."

Tulipofika nyumbani Pimamaji akamwomba dada amletee kigae, kile kikubwa cheupe, laini kuliko vyote, kilichobaki kwenye kazi fulani. Akakilaza kitandani, akakipima, maana asingeacha kukipima, akaweka kisigino juu yake na soksi mguuni, akaanza kukivuta kisigino kuja kwake. Kikateleza kidogo. Tek. Akafumba macho, akavuta tena.

Sasa wateja wangu wakashangaa kelele zimekwenda wapi. Zilikuwepo, ila fupi, za kubanwa na meno, na nikajua ni za kweli kwa sababu hakuna mtu angelipa kuzisikiliza. Nilijifanya msimamizi. Nikisuka kichwa cha mtu nilikuwa napaza sauti dirishani, "Kunja!" na yeye ananijibu, "Nakunja, askari wewe!" Mtoto wa mazoezi naye alikuwa anakuja, na Pimamaji alimwomba radhi kwa kumwita mtoto, ingawa yule hakuwa amesikia. Siku aliyopanga daktari tulirudi, na goti likafika nyuzi ambazo zilimfanya atikise kichwa na kusema basi, tusilaze mtu. Lilizidi kukunjika mwezi hadi mwezi. Akaruhusiwa kugusisha unyayo chini, kisha kuukanyagia, kisha akatupa gongo moja, na la pili akamrudishia jirani aliyeazimisha.

Alirudi kazini. Hapo tukadhani safari imekwisha, na hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Goti lilikunjika, lakini kulilaza sakafuni na kuliegemezea mwili hakuweza. Daktari alimwambia halivunjiki, ni kovu tu linalouma, ajaribu polepole. Akajaribu kwenye godoro, akatokwa na machozi. Basi akawa anafanya kazi kwa goti moja la kushoto, mguu wa kulia ameutupa pembeni kama mtu anayepozi kupigwa picha. Alimaliza choo pale ambapo zamani angemaliza nyumba. Vyumba vikubwa aliwaachia vijana wake. Nilianza kumwona amekaa barazani bila kubishana na mtu, meza ya wateja wangu inayumba wazi mbele yake na asiseme kitu. Hilo liliniumiza kuliko kelele zake za mwanzo.

Dada ndiye anayefua nguo zake za kazi. Alikuwa anaziloweka, anazisugua, anazianika, na kila suruali ilikuwa na saruji goti la kushoto tu. La kulia safi, kama jipya. Hakuwahi kulisema, ila nilimwona akizianika akizigeuza upande, asilione.

Jioni moja nilikuwa namalizia kichwa cha mwisho, dada anapanga nguo zilizokauka kwenye kiti. Pimamaji akaingia getini na maneno mdomoni tayari: mwenye nyumba amechagua rangi ya ajabu, kijani cha kuumiza macho, jikoni, nani anaweka kijani kile jikoni, yeye amemwambia na mtu hasikii. Na meza yako hiyo, Shem, tangu lini inayumba hivyo, huoni haya? Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona dada ameacha nguo.

Hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaitazama suruali yake. Saruji ilikuwa magoti yote mawili.

Dada akamwendea, akachutama mbele yake, akaweka kiganja juu ya goti la kulia, pale palipokuwa bado pabichi. Pimamaji akaendelea kidogo na kile kijani chake.

"Jiko zima?" dada akauliza.

"Kona moja," akasema. "Nyingine kesho."

Dada akaanza kulia, yeye ambaye hakulia hospitalini wala kwa daktari, na huku analia anacheka, na mteja wangu akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumwambia kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaharibika. Pimamaji akasema basi, basi, ataifua mwenyewe hiyo suruali, imechafuka mno. Dada akamwambia aingie ndani aivue. Hakuiloweka. Aliikunja na saruji yake hivyohivyo, akaiweka kabatini, chini ya nguo zake za kutokea.